Zana ya Kuchimbulia Metali: Chuma, Mpini na Ardhi ya Bagamoyo

Ardhi ya Pwani ya Tanzania ina vyuma vingi. Kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupita Kaole na Bagamoyo, hata Saadani na Pangani, wakulima walimapo hukutana na misumari ya majahazi, ganda la risasi, kipande cha masango ya enzi ya misafara, au sarafu ya shaba iliyogeuka rangi ya kijani. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya vitu hivyo. Neno «hela», litamkwalo kila siku sokoni, latokana na Heller, sarafu ndogo ya utawala wa Wajerumani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1904, ambapo hela 100 zilikuwa sawa na rupia moja.

Tangu vifaa vya umeme vya kutafuta metali vipungue bei, watu wa namna nyingi wamekuwa wakivitumia nchini. Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa hutafuta vipande vya dhahabu. Mafundi hutafuta mabomba yaliyofukiwa. Wataalamu wa mambo ya kale hupima eneo kabla ya kufukua. Wako pia wanaoongozwa na imani iliyoenea ya kwamba Wajerumani walificha mali nyingi ardhini kabla ya kuondoka. Wote hao wanafanana kwa jambo moja: kifaa kikishalia, kazi iliyobaki hufanywa kwa mkono na kwa zana ndogo ya kuchimbia. Juu ya kifaa mengi husemwa. Juu ya zana husemwa machache, na matokeo yake ni vijembe vilivyovunjika shingo, mikono iliyochubuka, na, lililo baya zaidi, vitu vya kale vilivyokatwa vipande viwili na mtu yule yule aliyekuwa akivitafuta.

Makala hii yaeleza jinsi elimu ya fizikia na kemia inavyoweza kumwongoza mtu katika kuchagua zana hiyo. Yaeleza vilevile kwa nini elimu hiyo hiyo, pamoja na sheria ya nchi, humwambia mchimbaji mahali pa kuuzuia mkono wake.

KIFAA HUSIKIAJE METALI?

Kigundua-metali cha kawaida kina koili ya waya inayopitishiwa mkondo wa umeme unaobadilika-badilika. Mkondo huo huzalisha uga wa sumaku unaobadilika pia, nao hupenya ardhini. Uga huo ukikuta kitu kinachopitisha umeme, huamsha ndani yake mikondo midogo inayozunguka kama maji kwenye kizingia. Mikondo hiyo nayo huzalisha uga wake wenyewe, ambao hurudi juu na kuhisiwa na kifaa. Hapo ndipo mlio husikika.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alitengeneza chombo cha aina hii ili kuitafuta risasi mwilini mwa mgonjwa. Chombo kilifanya kazi katika majaribio, lakini kando ya kitanda cha Rais hakikufaulu; springi za chuma za kitanda zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokivuruga. Katika Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, mhandisi wa Kipolandi aliyekuwa Uingereza, alibuni kifaa cha kubebwa mkononi cha kutafutia mabomu ya ardhini, nacho kilitumika katika vita vya El Alamein, nchini Misri, mwaka 1942.

Kisa cha kitanda cha Garfield chafundisha jambo la kwanza kuhusu zana. Kifaa hakichagui, husikia metali yoyote iliyo karibu, pamoja na zana iliyo mkononi mwa mchimbaji. Wako wanaodhani kwamba zana ya chuma kisichoshika kutu haitasikika, kwa kuwa aina nyingi za chuma hicho hazivutwi na sumaku. Dhana hiyo si sahihi. Kinachoamsha mikondo ni uwezo wa kupitisha umeme, wala si kuvutwa na sumaku tu. Chuma kisichoshika kutu hupitisha umeme, basi nacho husikika. Dawa ni rahisi: zana iwekwe mbali na koili kila shimo linapopimwa upya.

Jambo la pili lahusu kina. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, nguvu ya uga hupungua kwa takriban kipeo cha tatu cha umbali wakati wa kwenda, na hupungua kwa kiasi hicho hicho wakati wa kurudi. Kwa hiyo mwitikio hupungua kwa kipeo cha sita. Kina kikiongezeka mara mbili, mwitikio hushuka hadi sehemu moja kati ya 64. Ndiyo sababu sarafu moja mara nyingi haisikiki ikiwa chini ya sentimita 20 hadi 30. Mtafutaji basi hahitaji chepe la kuchimbia msingi wa nyumba. Zana ya mkono yenye ulimi wa sentimita 15 hadi 18, na urefu wa jumla usiozidi sentimita 35, yatosha kwa karibu kazi zote za namna hii.

ARDHI YA PWANI NA UGUMU WAKE

Zana njema huchaguliwa kwa kutazama ardhi. Bagamoyo ina angalau aina nne za ardhi katika mwendo wa saa chache. Ufukweni kuna mchanga, ambao ni rahisi kuchimba lakini husugua chuma mithili ya msasa na hujaa chumvi. Karibu na magofu ya Kaole kuna tope la mikoko. Bandari iliyokuwa ikipokea vyombo vya wafanyabiashara ilijaa mchanga na tope, na sasa mikoko imesimama kati ya magofu na bahari. Mwinuko kidogo kutoka pwani kuna miamba ya matumbawe, ambayo hupiga ulimi wa zana kwa ghafla pasipo kutarajiwa. Bara zaidi, kuelekea Kiwangwa, kuna udongo wa rangi nyekundu ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali.

Kwa hiyo zana ya Pwani hukutana na maadui watatu: msuguo wa mchanga, kishindo cha jiwe na kutu ya chumvi. Shida ni kwamba dawa ya adui mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine. Chuma kigumu sana hustahimili msuguo, lakini huvunjika kwa kishindo. Chuma laini hustahimili kishindo, lakini hujipinda na kulika upesi. Ufundi wa mhunzi tangu zamani umekuwa kutafuta kadiri iliyo baina ya mambo hayo mawili.

ZANA IPI KWA KAZI IPI?

Sokoni huonekana zana za aina nyingi. Jembe la mkono hukata udongo kwa pigo. Ubora wake shambani ndio ubaya wake hapa, kwa maana pigo humfikia mtu asichokiona, na likishateremka halizuiliki. Sururu na mtaimbo ni vya kuvunjia mwamba. Havina nafasi karibu na kitu dhaifu. Muo, ule mti uliochongwa ncha ambao mababu waliutumia kuchimbulia viazi na mizizi, ni zana isiyopaswa kudharauliwa: mti haukwaruzi shaba, wala kifaa hakiusikii. Wataalamu wa mambo ya kale hutumia vijiti vya mti au mwanzi wakikaribia kitu laini.

Zana inayofaa zaidi kwa kufungua shimo ni chepe dogo la mkono lenye ulimi mwembamba uliopinda kidogo kama kigae, kwa sababu umbo la kupinda huongeza ukakamavu bila kuongeza uzito. Hilo husukumwa kwa nguvu ya mkono, halipigwi. Namna ya kulitumia ni kukata duara pana kuliko shubiri moja kuzunguka mahali palipolia, kisha kuinua udongo kutoka pembeni, ili ulimi usipite juu ya kitu chenyewe.

Kwa kazi ya kukwangua tabaka moja moja, zana iliyothibitika duniani kote ni mwiko wa mwashi. Haikubuniwa kwa ajili ya elimu ya kale. Wachimbuaji waliiazima kwa waashi. Huko Uingereza wachimbuaji wengi huupenda mwiko wa inchi 4, na huko Marekani hupendwa mwiko unaotengenezwa mji wa Marshalltown, Iowa. Sifa inayofanana katika yote miwili ndiyo ya kuzingatiwa: ulimi na shingo vimefuliwa kutoka kipande kimoja cha chuma cha pua, bila kiungo cha kuchomelea.

CHUMA, KABONI NA MOTO

Chuma kitupu ni laini. Kinachokigeuza kuwa chuma cha pua, ambacho wazee walikiita feleji, ni kaboni kidogo sana. Chuma cha kutengenezea madirisha na nondo nyepesi huwa na kaboni isiyofika asilimia 0.3. Zana za kuchimbia huhitaji kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.8. Springi za gari zilizo kama mabamba huwa na takriban asilimia 0.6, na ndiyo sababu wahunzi wa mitaani huzipenda kwa kufua panga, majembe na visu.

Elimu hii ina mizizi mirefu nchini. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walivyoonyesha uyeyushaji wa jadi uliotoa chuma chenye kaboni, na jinsi mabaki ya tanuri za eneo hilo yalivyoonyesha ya kuwa ustadi kama huo ulikuwapo tangu milenia ya kwanza. Kusini mwa Dar es Salaam, mahali paitwapo Limbo, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua mabaki mengi ya mavi ya chuma yaliyoachwa na wafuaji wa karne za mwanzo. Katika miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, UFI, kilikuwa kikitoa majembe yaliyotumika kote nchini. Hivyo mtu anayechagua chepe dogo leo anaingia katika mazungumzo ya kale sana baina ya Mtanzania na chuma.

Lakini kaboni pekee haitoshi. Lazima moto uikamilishe. Chuma cha pua kikipashwa moto hadi kiwe chekundu chenye kung'aa, mpangilio wa atomi zake hubadilika na kaboni huyeyuka ndani yake. Wahunzi hupima hali hiyo kwa sumaku, kwa kuwa chuma hupoteza mvuto wake kikifika nyuzi 770 za sentigredi. Wakipita kidogo hapo, huwa tayari. Kikizamishwa majini au katika mafuta ghafla, kaboni hukosa nafasi ya kutoka, na atomi hunaswa katika mpangilio wenye mkazo. Chuma huwa kigumu mno, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hurudishwa motoni kwa kiasi. Katika nyuzi 230 uso wake uliosafishwa huonyesha rangi ya majani makavu. Karibu na nyuzi 300 huonyesha rangi ya buluu. Kadiri moto huu wa pili unavyozidi, ugumu hupungua na ustahimilivu huongezeka. Kwa zana itakayogonga matumbawe, rangi ya buluu ni bora kuliko ya majani makavu: makali yatachakaa mapema kidogo, lakini ulimi hautakatika.

Chuma kisichoshika kutu nacho kina mahali pake. Huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo hujenga utando mwembamba wa oksaidi unaozuia hewa na maji. Kwa tope la mikoko na ufukwe, faida yake ni kubwa. Hata hivyo mambo mawili yakumbukwe. Aina zake za bei ndogo ni laini na hujipinda. Pili, kloridi iliyomo katika chumvi huweza kuutoboa utando huo na kufanya vishimo vidogo vinavyokwenda ndani. Jina lake humsifu kupita kiasi. Zana ya namna hiyo nayo huhitaji kuoshwa.

SHINGO NDIPO ZANA HUFIA

Atazamaye rundo la zana zilizovunjika ataona kwamba nyingi zimekatika mahali pamoja: pale ulimi unapokutana na mpini. Fizikia ya kidato cha tatu yatosha kueleza sababu.

Mtu akibenua udongo kwa kusukuma mwisho wa mpini kwa kani ya nyutoni 200, ambayo ni karibu na uzito wa kilo 20, na mkono wake ukiwa sentimita 25 kutoka shingo, momenti katika shingo ni 200 × 0.25, yaani nyutoni-mita 50. Ikiwa shingo ni fito ya mviringo yenye kipenyo d, mkazo mkubwa kabisa katika uso wake hupatikana kwa kuzidisha momenti kwa 32 na kugawanya kwa πd³. Matokeo ni haya:

Kipenyo cha milimita 10: mkazo wa nyutoni 509 kwa milimita ya mraba.
Kipenyo cha milimita 12: mkazo wa nyutoni 295.
Kipenyo cha milimita 14: mkazo wa nyutoni 186.

Chuma laini cha kawaida huanza kujipinda moja kwa moja kikifikia mkazo wa karibu nyutoni 250 kwa milimita ya mraba. Basi fito ya milimita 10 itapinda, ya milimita 12 itapinda pia, lakini ya milimita 14 itastahimili. Nyongeza ya milimita 4 tu imeongeza nguvu karibu mara 2.7, wakati uzito wa shingo umeongezeka mara 2 hivi. Chuma cha springi kilichopitishwa motoni ipasavyo huweza kubeba zaidi ya nyutoni 1,000 kwa milimita ya mraba kabla ya kupinda. Kwake hata fito ya milimita 10 haina hofu.

Kiungo cha kuchomelea kina udhaifu wake. Joto la kuchomelea huharibu kazi ya moto iliyofanywa na mhunzi: sehemu moja hulainika, na nyingine, ikiwa chuma kina kaboni nyingi na kimepoa upesi, huwa na ugumu wa kuvunjika. Mnunuzi asipopata zana ya kipande kimoja, atafute ile ambayo mshono wa kuchomelea umezunguka shingo yote, bila matundu, na ambayo shingo yake hupanuka polepole inapokutana na ulimi. Kona kali hukusanya mkazo; mviringo huutawanya.

MPINI NA MKONO

Mpini wa mti hupunguza mtikisiko na haupati joto juani. Mti unaofaa ni mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka kufuata urefu wa mpini na usio na fundo. Mninga hustahimili mchwa na unyevu vizuri. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Mpini wake huchosha mkono. Mpini uwe mnene kiasi cha kwamba vidole vikiushika, ncha zake zikaribie kukutana na kiganja bila kukibana.

Mkia wa chuma unaoingia katika mpini upitilize urefu wote au angalau theluthi mbili zake. Pete inayobana mpini mahali hapo isiwe ya shaba ikiwa zana itatumika ufukweni. Metali mbili tofauti zikigusana katika maji ya chumvi hufanya betri ndogo, na katika betri hiyo chuma ndicho kinacholiwa. Pete ya chuma hufaa zaidi.

Kitambaa chekundu au rangi ya njano katika mpini si pambo. Zana nyingi hazivunjiki, bali husahaulika majanini. Glavu nazo ni sehemu ya zana, kwa kuwa vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na huingia kwa jeraha dogo.

MAJARIBIO YA DARASANI

Walimu wanaweza kuyathibitisha mengi ya haya bila gharama kubwa.

Jaribio la kwanza ni la tupa. Mwanafunzi apitishe tupa mpya katika ukingo wa zana. Ikiuma chuma kwa urahisi, chuma ni laini. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu mno kwa matumizi ya mawe. Ikiuma kwa kusitasita, kadiri imepatikana.

Jaribio la pili, chini ya uangalizi wa mwalimu na kwa miwani ya kukinga macho, latumia sindano tatu kubwa za kushonea. Ya kwanza ipashwe moto mpaka iwe nyekundu, kisha iachwe ipoe taratibu hewani: itapinda kirahisi. Ya pili ipashwe vivyo hivyo na kuzamishwa majini ghafla: ikishikwa kwa koleo na kupindwa, itavunjika. Ya tatu izamishwe, isuguliwe ing'ae, na ipashwe tena polepole mpaka ionyeshe buluu: itapinda na kurudi kama springi. Katika sindano hizo tatu mna historia yote ya uhunzi.

Jaribio la tatu ni la misumari. Mmoja uwekwe katika maji ya kisima, mmoja katika maji ya bahari, na mmoja upakwe mafuta kisha uwekwe katika maji ya bahari. Baada ya wiki mbili darasa lijadili tofauti na kueleza kwa nini zana iliyotoka ufukweni huoshwa kwa maji baridi, kukaushwa na kupakwa mafuta ya mashine jioni ile ile, wala si kesho yake.

MAHALI PA KUUZUIA MKONO

Limebaki swali zito kuliko yote: zana imara itumike wapi?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na hukataza kuvifukua bila leseni. Anayekutana na kitu cha kale kwa bahati anapaswa kutoa taarifa kwa serikali. Magofu ya Kaole, pamoja na misikiti yake miwili na makaburi yake, si mahali pa kujaribia kifaa. Neville Chittick alipochimbua hapo mwaka 1958 alifanya hivyo kwa tabaka na kwa maandishi.

Sheria hiyo ina msingi wa kisayansi. Kitu cha kale ni kama neno katika sentensi; likiondolewa peke yake hupoteza maana. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Sarafu za fedha zilikuwa na majina ya watawala bila tarehe. Ni kwa kuwa zilikuwa pamoja na dinari, ambazo umri wake ulijulikana, ndipo wataalamu walipoweza kuzihusisha na karne ya 11. Laiti mtu angeuza dhahabu na kutupa fedha, ukurasa mzima wa historia ya Waswahili ungepotea kwa bei ya gramu chache.

Mfano wa kinyume watoka mbali. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa. Aliweka alama katika ramani, lakini hapakuwa na mchimbuo wa tabaka wala maelezo ya udongo uliozishika. Hata leo wataalamu hubishana: zilifika na jahazi, au zilibebwa na Wareno, au na Waholanzi, au na mtu mwingine baadaye? Sarafu ziko, habari haipo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kifaa chenyewe ni kiziwi kwa mengi. Hakisikii vigae, shanga, mifupa wala kaure za Kichina zilizopamba makaburi ya pwani hii. Mtu anayefuata mlio tu hukata tabaka lenye vitu hivyo vyote ili kufikia msumari mmoja. Hata hadithi ya hazina za Wajerumani yafaa ipimwe kwa ushahidi. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, ili kukidhi uhaba wa fedha. Bagamoyo ilikuwa imeacha kuwa makao makuu ya koloni tangu mwaka 1891.

Lipo pia suala la usalama. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 ilirusha mabomu mbali katika makazi ya watu. Kitu cha chuma chenye umbo la mcheduara, kilichopatikana ardhini, kisiguswe kwa zana yoyote, iwe imara namna gani. Watu waondoke, mahali pawekwe alama, na polisi waarifiwe.

Kazi halali hazikosekani. Mwenye shamba aweza kutafuta bomba au jembe lililopotea. Shule yaweza kufukia misumari na sarafu za leo katika kiwanja chake, ikajifunza kupima kina, kuchora ramani ya gridi na kuandika kila kipatikanacho katika daftari. Klabu ya historia yaweza kuwaomba wataalamu wa mambo ya kale kuitembeza Kaole. Mwanafunzi aliyezoea kukwangua kwa mwiko kiwanjani, sentimita moja baada ya nyingine, ndiye kesho atakayekabidhiwa leseni.

Kwa muhtasari, zana ya kununuliwa iwe ya kipande kimoja, ya chuma cha pua kilichopitia moto mara mbili, yenye ulimi wa sentimita 15 hadi 18, shingo nene isiyo na kona kali, na mpini wa mti ulionyooka. Ioshwe kila jioni, ipakwe mafuta, na makali yake yanolewe kwa upande mmoja. Zana ya namna hiyo itadumu miaka mingi. Tabaka la udongo, kwa upande wake, likishakatwa halirudi, hata lifukiwe kwa uangalifu gani. Mchimbaji mwenye elimu huvikumbuka vyote viwili kabla ya kupiga goti.